Mchikichi Uliovuka na Udongo Wake

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya nitakayokueleza niliyaona mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, na pombe siigusi. Jirani yangu Mama Yusta naye aliyaona, na yule hasemi uongo hata akiwa amekasirika.

Naishi peke yangu huku milimani, karibu na Mabamba, upande wa Tanzania wa mpaka na Burundi. Nililelewa kambini Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi ilipofungwa, wazazi wangu walirudi Burundi. Mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa nimeshaoa huku. Baadaye mke naye akanichoka, akaenda zake kwa kaka yake Kasulu. Wazazi wakafia kule, baba kwanza, kisha mama, na mazishi ya mama sikuyawahi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka juzi nikaenda kuliona kaburi lake. Wamelala yeye na baba ubavu kwa ubavu chini ya michikichi ya familia, kule chini kwenye joto la ziwa. Juu ya kaburi la mama ilikuwa imeota miche mitano. Nikaing'oa yote. Mchikichi kwenye baridi yetu hii? Najua, usinifundishe. Kila mtu aliniambia nitavuna majani, mawese nisahau. Lakini nilitaka kitu cha kwao kiwe nyumbani kwangu, basi.

Mpakani, mkaguzi wa mimea aliangalia karatasi zangu, akasema, "Kaka, miche inapita, ila udongo hauvuki. Unakuja na magonjwa yake. Osha mizizi." Nikaosha minne kwenye ndoo mbele ya macho yake. Wa tano nilikuwa nimeuficha kwenye begi, na bonge la udongo wake mweusi, nimeuviringisha kwenye kitenge. Nilijiona mjanja kweli.

Minne ilikufa kwa baridi kabla mwezi haujaisha. Ule wa tano nikauzungushia viroba, nikautandikia nyasi kavu, nao ukashika.

Ndipo alipoanza kuja. Asubuhi moja, ukungu umelala shambani, nikamkuta mwanamke amechuchumaa kando ya mche, amenipa mgongo, amejikunyata. Nikadhani ni mpita njia. Nikamwambia, "Karibu ndani, mama, kuna moto." Akageuka. Niamini, ndugu yangu: alikuwa mama yangu mzazi.

"Mwana wanje, hari imbeho," akasema. Mwanangu, kuna baridi.

Nilipaswa kukimbia, sivyo? Wewe ungekimbia. Mimi nilikaa chini nikalia, maana nilikuwa sijaitwa mwana na mtu yeyote kwa miaka. Ukungu ulipoinuka hakuwapo. Zilibaki nyayo za udongo mweusi juu ya udongo wetu mwekundu, zimeuzunguka mche, hazikwenda kokote.

Akawa anakuja kila asubuhi yenye ukungu. Nilimtandikia mkeka, nikamwashia jiko la mkaa, nikamfunika blanketi langu. Nilimsimulia mambo yangu yote, hadi ya mke, naye akasikiliza. Lakini joto hakulipata. Siku moja niliushika mkono wake, ulikuwa kama jiwe la mtoni. Na kila alipokuja aliomba lilelile: "Nirudishe, mwanangu. Baba yako ananiuliza niko wapi."

Nami kila mara nilimjibu, "Kesho, mama."

Hiyo ndiyo aibu yangu. Nilisema kesho masika yote, nikijua anateseka, kwa sababu akienda nitabaki na nani? Mpaka Mama Yusta aliponisimamisha kisimani. "Ewe mwana, huna haya? Yule bibi mgeni wako, namuona kila asubuhi anatetemeka nje. Mzazi wa mtu unamweka kwenye baridi hivyo?" Siku hiyohiyo nikauchimbua mche, nikakung'uta mizizi, nikakusanya udongo mweusi wote hadi chembe ya mwisho.

Safari hii sikuficha. Mpakani, upande wa pili, nilimweleza askari kwamba ni udongo wa kaburi la mama yangu. Akavua kofia, akanipisha. Nikaurudisha udongo juu ya kaburi lake, nikaushindilia kwa viganja, nikaomba radhi kwa wote wawili.

Mche, niliokuwa nimeupanda tena bila udongo wake, ulikufa wiki ileile. Mama hakuja tena. Mkono huu wa kulia, niliomshika nao, haujapata joto tangu hapo. Dawa nimepaka, nimeota moto hadi ngozi ikababuka, bado ni baridi. Ukinipa mkono utashtuka, kama wanavyoshtuka wengine.

Kwa hiyo nakuonya: kaburini usichukue kitu kwa sababu ya upweke. Na akitokea mtu wako akakuomba umrudishe, mrudishe siku hiyohiyo, hata kama huna mwingine wa kuongea naye. Mimi sikuwa na mwingine, na mpaka leo sina.