Nilivyofungua cabin filter mwenyewe baada ya mama mkwe kushuka kwenye gari langu

Salaam wakuu.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Chumvi siwezi kuongeza, maana mke wangu ni msomaji wa jukwaa hili na hana huruma.

Mimi namiliki baby walker, vile vigari vidogo mnavyovicheka nyinyi wenye magari marefu. Kinanipeleka kazini Dar na kunirudisha. Wikiendi nyingine tunakwenda Masaki kwa mama mkwe.

Masaki ya Kisarawe wakuu, siyo ile ya mabalozi. Hii yetu ina mihogo, mikorosho, na vumbi ambalo likikujaa puani unaweza kupanda kunde.

Tukirudi huko hatukosi gunia la mkaa na mfuko wa korosho. Taratibu gari likaanza kunuka kila nikiwasha AC. Mwanzoni ilikuwa harufu ya soksi mbichi. Baadaye zikawa soksi za marehemu.

Nikaning'iniza kimanukato kwenye kioo. Sasa likawa linanuka marehemu aliyejipulizia vanila.

Nikaenda kwa fundi. Akaniambia lazima ashushe dashibodi nzima. Nikamtazama alivyoshika nyundo, nikasema nitarudi. Mpaka leo ananisubiri.

Tuje kwenye lenyewe.

Mama mkwe ana pumu. Alikuwa na miadi ya kumwona daktari huku Kibaha, tukaenda kumchukua. Nikamkalisha mbele kama malkia, vioo juu, AC mpaka mwisho. Nilitaka aone binti yake hakukosea.

Hatujafika mbali akaanza kukohoa. Nikajua ni vumbi, nikaongeza AC.

Ndiyo wakuu, niliongeza.

Kikohozi kikawa filimbi. Mke wangu akapiga kelele kutoka siti ya nyuma, "Baba Nasri, simamisha gari!"

Tukamtoa, tukamkalisha kando ya barabara, mke wangu anatafuta pampu ya pumu kwenye mkoba. Ile dakika sitaki kuikumbuka. Mtu unamwona anavuta hewa na hewa haiji.

Pampu ikapatikana. Alipotulia akanitazama, akasema polepole, "Baba, mimi nilikupa mke. Sikukupa ruhusa ya kunizika."

Halafu akaongeza, "Humo ndani kuna kitu kinakaa. Sipandi tena."

Nikamwambia mama, hizo ni imani tu, gari ni chuma. Akasimamisha bodaboda, akakaa upande kwa heshima zote na baibui lake, akarudi kwake. Miadi ikapotea. Mke wangu akabaki siti ya nyuma mpaka nyumbani, kama amekodi teksi.

Nyumbani nikaingia mtandaoni kutafuta gari linalonuka AC ikiwashwa. Kila jibu linasema cabin filter. Wakuu, nimeendesha gari miaka yote hiyo sijui kama lina kitu hicho! Oil filter najua, air filter ya injini najua. Kumbe na sisi abiria tuna chujio letu.

Jumamosi asubuhi nikanunua mpya, nikavaa barakoa, nikaanza.

Kazi yenyewe ni aibu jinsi ilivyo rahisi. Kwenye gari langu unafungua kile kidroo cha mbele ya abiria, unatoa makorokoro, unabana kuta zake za pembeni kwa ndani, kinashuka chote. Nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki. Unabonyeza vibanio, unavuta. Nyundo haihusiki popote.

Nikavuta chujio.

Lilitakiwa kuwa jeupe. Lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Juu yake kuna majani, maganda ya korosho, nyuzi za rasta, na katikati ya godoro hilo amelala panya. Amekauka, mkia umenyooka, ametulia kabisa kama mwenye hati ya nyumba.

Nilitoa sauti ambayo mwanaume mwenye ndevu hapaswi kuitoa. Majirani wakachungulia ukutani.

Mke wangu akaja mbio. Nilitegemea atacheka. Akamtazama yule panya, akasema, "Kwa hiyo hiki ndicho tulichokuwa tunampulizia mama yangu usoni."



Akampigia simu mama yake pale pale, akaweka sauti ya nje.

"Mama, tumekuta panya kwenye AC."

"Mzima?"

"Amekufa siku nyingi."

Mama akasema, "Mwambie mume wako huyo, chuma chake kinazaa panya."

Nikafyonza uchafu wote kwa vacuum ya kuazima, nikafuta, nikaacha milango wazi juani. Nikaweka chujio jipya nikifuata mshale uliochorwa ubavuni. Msiupuuze, unaonyesha hewa inakokwenda.

Miadi mipya ilipofika tukaenda tena Masaki. "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakupanda. Akaagiza nifungue aone mwenyewe. Basi nikapiga magoti mbele ya majirani zake, nikashusha kidroo, nikatoa chujio. Akalinusa kama anayenunua samaki.

"Rudisha," akasema. Akaingia. "Haya, washa."

Mkono wangu ukawa mzito kwenye kile kitufe. Nikawasha kidogo tu. Nyuma mke wangu ameshika pampu mkononi, tayari.

Tulipoikuta lami nikasikia sauti kutoka siti ya mama. Nikageuka.

Alikuwa anakoroma. Mdomo wazi, anavuta hewa yote anayoitaka.

Wakuu, somo nililopata: mzee akikwambia kuna kitu humo ndani, fungua kwanza uangalie, ubishi baadaye. Na kama hujawahi kuliona chujio la gari lako, kesho asubuhi lishushe.

Nyinyi mmekuta nini humo? Semeni bila aibu, mimi nimeshatangulia kuvuliwa nguo.