Uvimbe Uliodunda Kichwani mwa Mama Mkwe

Uvumilivu wangu uliisha siku tabibu wa zahanati yetu, huku karibu na Nyaramba, alipoandika "wasiwasi" kwenye kadi ya mama mkwe wangu mara ya tatu, akanigeukia: "Na wewe mke wa mtu, mpe mama chakula."

Mimi! Mama alikuwa akimaliza ugali wa wimbi wa watu watatu na bado nguo zinampwaya. Asubuhi ya baridi yeye anatoka jasho, mikono inatetemeka, moyo unakimbia kama umefukuzwa na nyuki. Nikasema labda ni tezi. Tabibu akacheka. "Si ilikatwa shingoni zamani? Itasumbuaje na haipo?"

Nikamfunga mtoto wangu mgongoni, tukaondoka.

Kwanza tulipanda kilimani. Mama alikuwa na uvimbe kichwani, na kwetu kichwa kikisumbua tunamwita omobari, fundi wa kupasua ngozi na kukwangua fuvu. Mzee huyo akaugusa uvimbe kwa kidole, akavifunika visu vyake.

"Unadunda huu. Nikiukata, damu haitasimama. Nendeni Kisii."

"Umeogopa kichwa cha mwanamke?" Mama akamtania.

"Nimekiogopa, dada. Kina moyo wake."

Saa sita lori la ndizi likatubeba. Mama alikula ndizi za watu mpaka dereva akapiga kelele: "Mama, bakisha za soko!"

"Mlaumu huyu mokamwana wangu," akajibu, mdomo umejaa. "Mke wa mwanangu ananinyima."

Kisii mjini daktari alimlaza, akampiga picha, akapima damu. Majibu yalichukua wiki mbili.

"Ni kansa ya tezi," akasema. "Imehamia mfupa wa kichwa, na huko inaendelea na kazi ya tezi kupita kiasi. Ndiyo inayomkondesha na kukimbiza moyo. Mngekuja mapema ingekuwa afadhali."

"Imehama bila kuaga," Mama akasema. Hakuna aliyecheka ila yeye.

Tulirudi na vidonge vya kutuliza moyo na barua ya kwenda Nairobi. Kabla ya kuvua viatu, nilimwandikia daktari mkuu wa wilaya:

"Bwana, nalalamika rasmi. Tabibu wenu alipewa kichwa mara tatu, hakukigusa hata mara moja. Mzee asiyejua kusoma alijua kwa kidole kimoja. Naomba neno 'wasiwasi' lifutwe, ugonjwa wenyewe uandikwe, na mimi niombwe radhi kuhusu chakula. Mgonjwa ametia alama ya kidole hapa chini. Imetokea mara mbili kwa sababu mkono unatetemeka. Msiandike tena kwamba ni wasiwasi."