Jembe la Siku ya Tatu

Baba yangu amelala Mutuini, huko Dagoretti, nyuma ya jiko la mama, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijitoni. Tulipomzika, kati ya kaburi na ukingo palikuwa na shamba la viazi vitamu na njia ya kwenda kuchota maji. Mvua zikala viazi, zikala njia, na nilipoingia chuo mjini mtu aliyesimama kando ya kaburi angeweza kutema mate yakaangukia majini. Baba zangu wadogo walikuja Jumapili moja, wakanywa chai, wakasema wazi: masika haya yakisogeza udongo tena, tutamfukua kaka tumpeleke makaburi ya umma. Mama akaondoa vikombe kabla chai haijaisha.

"Mtu hazikwi mara mbili," alisema.

Kwa hiyo chama chetu cha mazingira chuoni kilipotangaziwa kwamba kundi la wanafunzi wa Korea linakuja kujitolea kupanda miti na linatafutiwa mahali, mkono wangu uliinuka kabla sijafikiri. Sikuona haya. Wengine walitaja shule zao za zamani na bustani za makanisa. Mimi nilitaja kaburi la baba yangu. Tukapewa siku mbili, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa wageni wangeenda kuona simba, na Jumamosi warudi kwao.

Nilichosahau ni mama na sheria yake.

Miaka yote ya utoto wangu mama alishona sare za shule katika chumba kimoja River Road, ukuta kwa ukuta na duka la mama mmoja wa Lamu aliyeuza misumari, kufuli na majembe. Kwa rafiki yake huyo mama alijifunza mambo mawili: kupika pilau, na ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa watu wa Pwani msemo huo ni utani wa kumkumbusha mgeni asijisahau. Mama yangu, Mkristo wa Dagoretti aliyezaliwa na kukulia hapo hapo, aliuchukua kama amri iliyoshuka mlimani. Na aliishika zaidi ile nusu ya kwanza. Kwake, mgeni aliyeshika jembe kabla ya siku ya tatu ni aibu itakayosimuliwa hadi mazishi yako mwenyewe.

Jumatano asubuhi basi likaleta wageni, wote wamevaa buti za mpira mpya na glavu. Miche ya mianzi na mikuyu tuliyonunua barabara ya Ngong ilikuwa imepangwa uani. Mama alitoka na kanga kiunoni, akawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, halafu akawaonyesha viti.

"Mama, tuanze kuchimba," nikamwambia pembeni.

"Kuchimba nini? Hawa wameshuka kwa gari saa hii. Wacha wakule kwanza."

Walikula. Chapati, maharagwe, kuku wawili niliowajua kwa sura, chai, halafu chai nyingine. Kila aliyeinuka kutafuta jembe alikuta mama amesimama mbele yake na sahani. Alikuwa ameyafungia majembe yote chumbani kwake. Mwenyekiti wa chama chetu akanijia na chapati mkononi.

"Niaje, hii job inaanza saa ngapi?"

"Uliza mathako," nikamjibu kwa tusi la mtaani la kumtaja mama yake, na hasira zangu zilikuwa karibu wakati huo kuliko sasa.

Jioni basi lilipoondoka, hakuna shimo hata moja lililochimbwa. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Ngong tangu mchana. Nilimfokea mama jinsi sijawahi kumfokea. Nilimuuliza kama anataka baba afike mtoni ndipo aridhike. Alikuwa anakunja kanga, na akaendelea kuikunja.

"Baba yako alikuwa anapenda wageni," alisema. "Sitamwaibisha akiwa hapo nyuma ananisikia."

Basi, dawa ya moto ni moto. Nilimpigia simu mama wa Lamu, nikamweleza yote. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio, kisha akauliza swali moja tu: wageni hao walitua lini?

Kesho yake alifika kabla ya basi, juu ya bodaboda, buibui limefungwa vizuri na gunia la majembe mapya mapajani. Mama akatoka mbio kumpokea.

"Shoga yangu," mama wa Lamu akasema hata kabla ya kukaa, "nasikia wawanyima wageni jembe."

"Si ni wewe ulinifunza? Leo ni siku ya pili."

"Ya pili kwako. Watu hawa waliingia Kenya Jumapili, wakalala kule Adams Arcade. Mgeni ni wa nchi nzima, si wa kiti chako peke yako. Leo wamepitiliza, na kama ni aibu, ishaingia. Toa majembe."

Nilimwona mama akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Kisha akaingia chumbani, na tukasikia vyuma vikigongana.

Wageni walipofika, hawakwenda kwenye miche. Msichana mmoja wao, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa amenisikia siku iliyotangulia nikieleza ni nani aliyelala pale. Aliwaongoza wenzake hadi kaburini, wakapanga mstari, wakapiga magoti, wakainama mpaka vipaji vya nyuso vikagusa nyasi. Mara mbili.

"Wanaabudu mtu?" mama akaninong'oneza kwa hofu.

"Wanapiga hodi," akajibu mama wa Lamu.

Msichana yule akabaki amepiga magoti, akaanza kung'oa majani yaliyoota juu ya kaburi. Kwa Kiingereza cha taratibu akaniambia kwamba kwao, kila mwaka, watoto huenda mlimani kusafisha kaburi la babu, na asiyekwenda huonekana hana kwao. Nikamtafsiria mama. Mama akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili, wakang'oa pamoja.

Kazi kama ya siku ile sijaiona tena. Tulikata matuta, tukapanga magunia ya mchanga chini ya ukingo, tukapanda nyasi za mabingobingo juu yake, kisha mianzi, kisha mikuyu. Mama wa Lamu alikaa kivulini akiwapigia kelele wanaoshika jembe kama kijiko. Jua lilipozama nusu ya mteremko ilikuwa bado tupu. Wageni wakanong'onezana kwa lugha yao, halafu kiongozi wao akasema Ijumaa watarudi.

"Na simba?" nikauliza.

Akatikisa mabega. Waliacha simba kwa ajili ya baba yangu. Nimepewa mengi maishani, na mengine makubwa, lakini sijui kama kuna nililolipokea nikiwa sina la kurudisha kama hilo. Nililia mbele ya watu, na sikujali.

Masika yale yalikuwa mabaya. Nilikuwa mjini, na kila radi ilipopiga niliuona ule ukingo wa udongo ukishuka. Asubuhi moja mama akapiga simu, akasema tu, "Baba yako yuko nyumbani." Mwaka huo, kusema kweli, si miti iliyomshika, ni magunia na mabingobingo. Lakini miaka ilivyopita magunia yalioza, na mianzi ikasuka mizizi yake, na sasa ndiyo inayoshika. Baba zangu wadogo wakija huenda kukata fito za kuezekea mabanda ya kuku, na habari ya kuhamisha mtu hawaigusi.

Mwezi uliopita yule msichana wa miwani alirudi. Sasa ni mtu mzima, amekuja Nairobi kikazi, na alinipigia simu nimpeleke Mutuini. Njia nzima nilimwonya ajiandae kwa chapati, kwamba hataruhusiwa kugusa kazi kwa siku mbili.

Mama alikuwa amesimama langoni. Amezeeka, na macho yamefifia, lakini alimtambua kwa sauti. Hakumwonyesha kiti. Alikuwa na jembe mkononi, akamkabidhi pale pale, mgeni hata mkoba hajautua.

"Umechelewa," alimwambia. "Majani yamejaa kwa baba yenu."