Breka za Ampea Sita

Siku yangu ya kwanza katika jengo la mtaa wa Shumaisi, mhandisi wa kampuni iliyoniajiri alinikabidhi tochi, testa na fungu la funguo zito kuliko vyote viwili. Testa ni ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Ukigusa waya wenye moto, kinawaka. Hakunipa maelekezo mengi.

"Hemedi," aliniambia kwa Kiarabu chake cha Misri, "jengo hili lina fleti ishirini na nne na mita moja tu. Ukilielewa hilo, umeielewa kazi yote."

Sikulielewa siku ile. Nilikuwa fundi mtu mzima, nimefunga nyaya viwandani Tanga miaka mingi kabla ya kupata mkataba wa Riyadh, lakini jengo la mita moja nilikuwa sijakutana nalo. Maana yake ni hii: mpangaji analipa kodi, umeme umo humo humo ndani ya kodi, na bili inamwendea mwenye jengo. Mwenye jengo sikupata kumwona hata mara moja. Aliyekuwa akija ni wakili wake, mzee mpole aliyesimamia mali zake, ambaye alipenda kukaa chumbani kwangu ghorofa ya chini na kuniuliza habari za mvua za kwetu. Umeme ulikuwa rahisi siku hizo, na wakili hakuwahi kuniuliza nani anatumia nini.

Watu wa nyumbani nikiwaambia Riyadh kuna baridi, hucheka. Wanadhani jangwa ni joto mwaka mzima. Mwezi wa kwanza pale maji ya bombani yanauma vidole, sakafu ya vigae inakuwa kama barafu, na kuta za matofali ya saruji, zisizo na kitu ndani yake cha kuzuia baridi, zinaimeza usiku kucha na kuitoa mchana. Kila fleti ilikuwa na dafaya, ndiyo hita ya kupasha chumba joto. Zipo za waya, zinazowaka nyekundu, na zipo za mafuta, zenye mabamba ya chuma yaliyosimama kwa safu, ambazo hukawia kupata moto lakini hutunza joto. Za mafuta hula wati elfu mbili na zaidi. Majira ya baridi nikipita kwenye korido nilikuwa nazisikia zikilia tik, tik nyuma ya kila mlango.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila kitu kilibadilika kwa mpigo. Kodi mpya za serikali zikaingia, ada za ikama, kibali cha kuishi nchini, zikapanda, wanawake wakaanza kuendesha magari, na bei ya umeme ikaruka. Mzee wakili alipokuja na bili ya kwanza ya bei mpya hakukaa kunywa chai. Baada ya hapo alibadilishwa, akaja wakili kijana ambaye hakuingia chumbani kwangu kabisa. Alizungumza na mhandisi tu.

Asubuhi moja ya baridi mhandisi akaja, akaacha injini ya gari inanguruma.

"Kuna sanduku nyuma. Breka za ampea sita."

"Za taa?"

"Za soketi."

Nilidhani amekosea. Breka ni swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi kiasi chake. Soketi za jengo lile zilikuwa na breka za ampea ishirini, na nyaya zake zilifaa kwa kiasi hicho. Ampea sita ni za taa. Ukiziweka kwenye soketi, friji itafanya kazi, televisheni itafanya kazi, simu itachaji. Chomeka dafaya, na baada ya muda mfupi breka inajikata.

"Wapangaji wakilalamika?"

"Waambie dafaya yao mbovu. Wanunue nyingine."

"Na wakinunua nyingine?"

Akatazama saa yake. "Yalla, Hemedi. Wakili anataka iishe kabla ya Ijumaa."

Makabati ya breka yalikuwa kwenye korido, yamefungwa, na funguo ninazo mimi. Nilimaliza Alhamisi mchana. Kazi ilikuwa safi, kila waya umekaa mahali pake. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kusikia watu wakisimulia kwamba walifanya jambo kama hilo huku mikono inatetemeka. Yangu haikutetemeka.

Wiki ile walinigongea karibu wote. Niliwapandishia breka, nikawatazamia dafaya zao, nikatikisa kichwa kama daktari. Ghorofa ya tatu alikaa nesi Mkenya, Sista Muthoni, ambaye alikuwa amemleta mama yake kutoka Nyeri kwa viza ya kutembelea. Alinishushia dafaya mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto.

"Mzee Hemedi, hii kitu niliinunua juzi tu. Inazima stima nyumba yote."

"Ni mbovu, Sista. Koili yake ina shoti."

"Sasa nirudishe dukani?"

"Watakukatalia. Nunua nyingine."

Alinunua nyingine. Nayo nikamwambia ni mbovu. Safari hiyo nilipanda mpaka kwake, na mama yake alikuwa ameketi kwenye kochi, amejifunga leso mbili kichwani na soksi za mtu mwingine miguuni. Alikuwa mama wa maneno makali na macho ya kucheka.

"Wewe fundi," aliniambia, "hii nyumba ilijengwa na watu wa jua. Kwetu Nyeri baridi iko, lakini huku baridi inatoka kwa ukuta. Na huko tuko na makaa."

"Pole, mama. Tutaangalia."

"Unaangalia tu. Utatengeneza lini?"

Tukacheka. Niliposhuka ngazi sikuweza kukaa. Nilianza kazi tatu bila kumaliza hata moja. Nilijiambia nitamnong'oneza Sista ukweli kesho. Kesho ilipofika nikafikiria ikama yangu iko mkononi mwa nani, nikanyamaza. Nikajipa tarehe nyingine, ikapita pia.

Siku ya nne au ya tano baada ya pale, baada ya sala ya alasiri, Sista Muthoni alinipigia simu. Alikuwa nje ya mlango wake. Ametoka kazini, ufunguo umeachwa ndani ya kitasa upande wa pili, na mama haitiki. Nilipanda na patasi na nyundo. Kitasa kilitoka kwa pigo la tatu.

Kitu cha kwanza nilichokihisi ni joto. Joto zuri, la kupendeza, kama la jikoni kwa mama yangu. Madirisha yalikuwa yamebandikwa utepe wa plastiki kuzuia vumbi, kama tulivyofanya sote. Katikati ya chumba palikuwa na jiko dogo la makaa, yale ya kuchemshia kahawa yanayouzwa kila duka la mtaa ule. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, mkono umening'inia.

"Gesi ya makaa!" Sista alipiga kelele. "Fungua madirisha! Yote! Usipumue hapa ndani!"

Nilivunja kioo kwa nyundo, sikungoja kubandua utepe. Yeye alimshika mama kwapani, mimi miguu, tukamlaza kwenye korido. Makaa yakiwaka penye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inakulaza, basi. Sista alimpulizia pumzi, akamwita kwa Kikuyu, akampulizia tena, mpaka wa gari la wagonjwa wakafika na oksijeni.

Mama aliishi. Alitoka hospitali akitembea kwa kushikwa mkono, na mwanzoni tulidhani ni uchovu tu. Lakini majuma yalivyosogea, akili ilizidi kumpotea. Alimuuliza binti yake saa ngapi, akajibiwa, akauliza tena. Yale macho ya kucheka yakawa yanakutazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Sista akamrudisha Nyeri kwa ndugu zake.

Kabla hawajaondoka aliniita mlangoni mbele ya majirani, akanishika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, Mzee Hemedi. Bila wewe ningemzika mamangu."

Majirani wakaitikia amina. Nami nikaitikia amina.

Asubuhi iliyofuata nilifungua makabati yote na kurudisha breka za ampea ishirini. Sikumwomba mtu ruhusa. Dafaya zikaanza tena kulia tik, tik. Bili iliyofuata ndiyo iliyomleta mhandisi.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Unajua naweza kukuandikia uondoke nchini wiki hii?"

"Najua. Wewe unajua yaliyotokea ghorofa ya tatu?"

Alikaa kwenye ndoo ya rangi, akavua miwani. "Najua. Ndiyo maana silali vizuri. Lakini nina watoto wanne kwetu Mansura, na wakili haniulizi nalalaje." Akavaa miwani yake tena. "Nitamwambia umehamishwa kama adhabu. Nenda Jeddah. Kule hakuna dafaya."

Ndivyo nilivyofika Bani Malik, mtaa wa Jeddah, kwenye jengo linalosimamiwa na kampuni ile ile, mwenye mali tofauti. Alisema kweli, dafaya hazikuwepo. Jeddah majira ya baridi mtu hutoa kiti nje akapunga upepo. Lakini mimi sikutulia. Ijumaa nilikuwa natembea kwa miguu mpaka Al-Hindawiyah na kurudi bila kuwa na mtu wa kumtembelea. Namba ya Sista ilikuwa kwenye simu yangu. Niliandika ujumbe, nikaufuta, mara nyingi mno.

Kiangazi cha pili wakili wa kule alinionyesha sanduku. Breka ndogo, safari hii za viyoyozi.

"Nitazifunga," nilisema, "ila nitabandika tangazo kila mlango, watu wajue."

"Mafi tangazo," alisema, yaani hakuna.

"Basi mafi breka."

Hakupaza sauti. "Mkataba wako ukiisha, halas," alisema, akaondoka na sanduku lake. Akaleta mafundi wengine, na wakazifunga kwa siku mbili. Nilichoweza kufanya ni kugonga milango, mmoja mmoja, na kuwaambia wapangaji ni nini kimewekwa kwenye kabati lao. Wengine walihama. Wengine walinisikiliza, wakanishukuru, wakabaki, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Mkataba ulipoisha nilikuwa na siku chache kabla ya ndege. Nilipanda basi kwenda Riyadh. Nilimkuta Sista Muthoni kwenye maegesho ya hospitali yake, ameegemea gari dogo jeupe alilojifunza kuliendesha mwenyewe. Alifurahi kuniona, na furaha ile nusura inirudishe nyuma. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: sanduku, funguo, koili ambazo hazikuwa na shoti.

Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja.

"Hita zangu zote mbili zilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, Sista."

Alifungua mlango wa gari, akasimama ameushika.

"Ungeniambia tu, mzee. Sikuwa nataka uchukue risk yoyote. Ungeniambia hii nyumba haiwezi kubeba hita, ningemtafutia mamangu nyumba ingine. Ningemnunulia blanketi. Ningemwambia asiguse makaa."

Nilimwomba namba ya Nyeri, angalau nimwombe radhi mama mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Hatajua unaomba radhi ya nini. Niachie mimi." Akaingia garini. Kisha akateremsha kioo. "Ile siku mlango uliuvunja kweli. Hiyo sitaifuta. Lakini usinipigie tena."

Sasa nimestaafu, nipo Tanga, na mafundi vijana huja kuniuliza mambo ya nyaya. Nawafundisha nilichofundishwa: breka ipo kumlinda mtu na waya, kipimo chake huchaguliwa kwa unene wa waya, na kabati likishafungwa, anayeishi humo hana njia ya kujua ulichoweka ndani isipokuwa kinywa chako. Sehemu hiyo ya mwisho haimo kwenye vitabu vya ufundi, na ndiyo ninayoirudia mpaka wanachoka.

Mke wangu analalamika kwamba sikai. Nakunywa chai nimesimama, naanza kutengeneza pasi ya jirani, naiacha, nakwenda mpaka barabarani narudi. Ananiuliza nina haraka ya wapi, na mimi sina mahali ninapokwenda. Siku moja kijana mmoja wa hapa mtaani aliniuliza kwa heshima kama mtu aliyeomba radhi anapata nafuu. Nilimjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wapangaji waliotaka kujua kama waya ulioungua unaweza kupona. Nilimwambia, hapana, mwanangu, lakini unapaswa kumwonyesha anayeutumia mahali ulipoungua.