Waya wa Ghorofa ya Tatu

Nikishika shaba iliyoota kutu ya kijani, vidole vyangu hubaki na harufu kama ya damu, na papo hapo narudi Kisangani ya miaka ya hamsini, mbele ya lango la jengo la Wazungu ukingoni mwa mto.

Papa alikuwa mpishi wa ghorofa ya tatu. Alilala huko wiki nzima, akavuka kuja nyumbani Jumapili tu. Sisi tulikaa ng'ambo, Lubunga, pamoja na koko, mama yake mzazi. Asubuhi moja koko alishindwa kumeza hata maji. Kwetu mzee hukupa baraka kwa kukutemea mate kiganjani, na Papa alikuwa mwanawe wa pekee. Mama akanipandisha kwenye mtumbwi. "Kimbia, umwite Papa yako. Asichelewe."

Langoni palikuwa na kisanduku cha kusemea chenye vitufe, kikuukuu, kimeliwa na unyevu. Zamu, mlinzi wa lango, alicheka aliponiona nikikinyooshea mkono.

"Weye mutoto, ile ya tatu ilikufa zamani!"

"Basi nipite nyuma, tonton?"

"Nyuma banapita tu benye kazi. Bon, ongea na ukuta."

Alipokwenda kufungulia gari, nikang'oa kifuniko, kwa kuwa kilishikwa na skrubu moja tu. Ndani nyaya zilijazana kama matumbo ya samaki. Nikazifuata kwa kidole kutoka kitufe hadi ukutani. Wa tatu ulikuwa umekatika. Nikaukwangua kwa meno, nikausokota. Kisanduku kikakoroma.

"Papa! Koko iko nakufa! Kuya mbio!"

Kimya. Nikaunga waya mwingine, nikaita. Nikabadilisha, nikaita tena. Niwaambie ukweli: katikati ya hofu ile palikuwa na utamu, na jua lilipanda bila mimi kujua. Mwishowe zamu alinishika bega.

"Papa yako alitoka zamani na mulango ya nyuma, anakimbia na tablie ya jikoni kiunoni. Weye unangoja nani?"

Vilio vya wanawake vilinifikia kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Papa alikuwa amewahi. Koko alikuwa ameniulizia na mimi, "Ule mutoto ya maulizo iko wapi?", akangoja, kisha hakungoja tena. Papa alichukua kiganja changu akakisugua kwa chake, ingawa mate yalikuwa yamekwisha kukauka.

Niliacha shule mapema, nikazurura Basoko na Banalia, nikifungua kila redio iliyonyamaza. Humo ndimo nilimojifunza kwamba sauti yaweza kwenda na isiwe na njia ya kurudi. Nilirudi kumweleza Papa habari ya kisanduku kile, akiwa mzee sasa.

"Nilikujibu," akasema. "Nilisema: tangulia ku mutumbwi, naja. Ukanyamaza. Nikajua mutoto iko nanikasirikia, sababu silali kwetu."

Hapo tu nikaelewa kwa nini, tangu siku ile, kila Jumapili aliita jina langu kwa sauti kubwa kutoka mtoni, akasimama palepale hadi nijibu, nami nikaona haya mbele ya wenzangu.