Chupa ya Mbegu

Mtaani walimwita Mama Buluu, kwa kuwa kucha zake hazikutakata hata azisugue vipi. Kwenye matangi manne nyuma ya nyumba alifuga spirulina, ule mwani mdogo wa kijani. Aliuchuja kwa kitambaa, akaugandisha na kuuyeyusha ili upasuke, kisha akauloweka kwenye maji baridi. Kijani kilizama, juu yakabaki maji ya buluu, rangi ya kutia kwenye aiskrimu.

Kazi aliianzisha marehemu mumewe, na sharti lake lilikuwa moja: tangi halivunwi lote, robo hubaki mbegu.

Siku mwenye duka la aiskrimu alipotaka rangi maradufu, Mama Buluu alimbana kwenye bei mpaka akatoka jasho.

"Shemeji, wewe unaweza kuuza hata kivuli."

"Kivuli nacho kina mnunuzi wake. Lete vyombo."

Akavuna matangi yote hadi chini. Mbegu ya mumewe ikabaki kwenye chupa moja ya kioo, dirishani jikoni. Chupa moja ingejaza tena matangi baada ya wiki chache. Hesabu ilikuwa sawa.

Ila hakumhesabu mama mkwe. Macho ya bibi huyo yalishafifia, lakini kila asubuhi aliipapasa ile chupa, akiita "maji ya mwanangu". Asubuhi moja akaikuta baridi kama chuma. Mwanawe alizoea kusema mwani unapenda joto. Akaibeba taratibu, akaiegemeza kwenye jiko la makaa.

Mama Buluu alirudi kutoka kupeleka mzigo, akakuta maji yamekuwa rangi ya majivu, yananuka. Akatia kidole, akakitoa haraka.

"Yamepata joto sasa?" akauliza mama mkwe.

"Yamepata, mama."

"Nilijua tu. Mwanangu baridi hakuiweza tangu mchanga."

Mama Buluu akatoka na chupa, akaimwaga nyuma ya matangi, akasimama hapo mpaka ardhi ikanywa yote.

Kesho yake alinunua mbegu kwa mfugaji mwingine, kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Akaijaza chupa ileile, akairudisha dirishani.

"Maji ya mwanangu yanaendeleaje?" huuliza bibi kila asubuhi, mkono juu ya kioo.

"Yanaendelea vizuri, mama."

Wala si uongo. Mbegu mpya hukua upesi kuliko ya kwanza, na buluu yake imekolea zaidi. Mwenye aiskrimu ameisifu mara mbili. Mara zote mbili Mama Buluu alichukua pesa bila kuzihesabu.