Ukuta Ulio Juu ya Kibugu

Mimi ni mtu wa duka. Mlima nauona kwa mbali, kutoka Makutano pale Meru, na kwa umbali huo ndio ninaupenda. Lakini mama yangu, mzaliwa wa Kibugu upande wa Embu, alikuwa ameng'ang'ania: kabla magoti hayajamgomea kabisa, apelekwe kuona magofu ya kijiji walichofungiwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari, alikompoteza mama yake akiwa mtoto. Alimpoteza vipi, hakuwahi kusema.

Binamu yangu, mkulima wa majani chai, ndiye aliyetuongoza. Tulipofika mwisho wa mashamba akaomba tuache ndizi mbivu nilizobeba kwenye kiondo, maana ndovu huzinusa kwa mbali. Mama akakataa katakata. Haendi kwa mama yake mikono mitupu, alisema. Binamu hakubishana na shangazi yake, na kiondo kikabaki mgongoni mwangu.

Njia nzima kulikuwa na kinyesi cha ndovu, kingine bado kikitoa mvuke. Binamu alisema ni cha asubuhi hiyo tu. Nadhani alitaka kunituliza. Tangu hapo, kila tawi lililolia nilisimama.

Magofu yenyewe yalikuwa ukuta wa mawe wa kituo cha walinzi, urefu wa kifua, na handaki lililoota majani. Mama aliushika ukuta kwa mikono miwili. Nilikuwa napanga ndizi chini yake ukungu uliposhuka. Ndani ya ukungu mti ukavunjika. Kisha nikaona sikio.

Binamu alikuwa ameshavuka ng'ambo ya handaki. Akasema polepole, "Hizo ndizi tupa mbali, halafu mkuje huku. Msikimbie."

Nikatupa, hazikufika mbali. Lakini Mama hangeweza kuvuka lile handaki bila kubebwa, na alijua. Akanisukuma.

"Wewe nenda. Mimi niache hapa."

Sikwenda. Nilijibana ukutani, ndovu akitafuna karibu kiasi kwamba nilisikia tumbo lake likinguruma. Nilijaribu kusali nikachanganya maneno. Nilikuwa na hakika tunakufa, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Alipomaliza ndizi alisimama tu, akitupumulia, kisha akageuka akaenda zake.

Mama alikuwa amenishika mkono.

"Mama yangu aliniambia hivyo hivyo, hapa hapa, siku risasi zilipoanza," akasema. "Mimi nilienda."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikubaki kwa ujasiri. Miguu ilikataa tu. Ingekubali, ningekuwa Kibugu saa hizo. Nilidhani atacheka. Aliketi juu ya jiwe akalia kwa sauti, kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na mimi, ndovu angali karibu, sikuweza kumwambia anyamaze.